Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kujiunga na Msafara wa Nje

Barua za safari zimeongezeka. Nyingi zinatoka Ujiji, Kasulu, Nguruka na Tabora mjini, na waandishi wake wameshalipia, au wanataka kulipia, safari ya kundi yenye kiongozi: umra, ziara ya makanisa, au matembezi tu. Tumechagua sita. Tumejibu kwa kirefu pale ambapo kosa dogo humrudisha mtu nyumbani na fedha zikiwa zimeshaliwa.

SWALI: Tiketi yangu ya kwenda Jeddah imeandikwa tarehe 14, saa 02:15. Nimepanga kutoka hapa kwa treni tarehe 12, nifike Dar es Salaam tarehe 14 asubuhi, nioge, nipumzike, kisha niende uwanjani kukutana na wenzangu. Baba mdogo anasema muda unatosha. Mnasemaje?
– Msafiri, Gungu, Kigoma

JIBU: Ndugu msafiri, ukifuata mpango huo utafika Dar es Salaam wenzako wakiwa wameshatua Jeddah. Saa 02:15 ya tiketi ni saa nane na robo usiku, na tarehe ya tiketi hubadilika saa sita usiku. Kwa hiyo ndege yako inaruka usiku wa kuamkia tarehe 14. Unatakiwa uwe uwanjani saa tano usiku wa tarehe 13, kwa sababu mashirika mengi hufunga dawati la kupokea mizigo dakika 60 kabla ya kuruka, na kundi lenye watu 30 na mabegi yao halipiti dawatini kwa nusu saa.

Tiketi zote husoma hivyo. Kuanzia 00:00 hadi 06:59 jumlisha 6 upate saa yetu: 02:15 inakuwa saa nane na robo. Kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa 6: 14:40 ni saa nane na dakika arobaini mchana. Kuanzia 19:00 toa 18: 21:30 ni saa tatu na nusu usiku. Ukishapata saa, iandike kwenye kalenda ya ukutani kwa maneno kamili, “usiku wa kuamkia tarehe fulani”, ili na atakayekusindikiza asichanganye.

Sasa treni. Reli ya Kati kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ina zaidi ya kilomita 1,250, na safari huchukua karibu siku mbili mambo yakienda vizuri. Kipindi cha masika maji hulisumbua sana tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe, na treni inaweza kuzuiwa njiani. Tena treni haiondoki kila siku, hivyo ukikosa ya leo hupandi ya kesho. Panga kulala Dar es Salaam usiku mbili kamili kabla ya usiku wa ndege. Kwa tiketi yako, uwe umefika tarehe 11 jioni. Ukitaka kupunguza hatari, panda basi hadi Dodoma, kisha treni ya mwendokasi hadi Dar es Salaam.

Anayeruka kutoka uwanja wa Kigoma naye asijione yuko salama. Tiketi ya ndani uliyonunua peke yake haina uhusiano na tiketi ya nje: ndege ya Kigoma ikichelewa, shirika la nje haliwajibiki kwako wala halitakusubiri. Utachukua begi lako mwenyewe, na kwa kawaida itabidi uhamie Jengo la Tatu la uwanja wa Dar es Salaam, ambako ndege za nje huondokea. Linganisha pia uzito unaoruhusiwa katika tiketi zote mbili, halafu pima begi kwa kiwango kidogo kuliko vyote. Mzani wa duka la nafaka pale Mwanga unatosha kwa kazi hiyo.

SWALI: Nimejaliwa kupata uwezo wa kumpeleka mama umra, siku 14, na tutaanzia Makka. Ana miaka 68, ana presha na sukari, na anachoma insulini asubuhi na jioni. Nimtayarishe vipi asije akaugua katikati ya ibada?
– Binti wa Ujiji

JIBU: Hongera, dada. Anza na chanjo. Saudia inamtaka kila anayekwenda umra awe na cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya aina nne, ile ya ACWY, iliyochomwa angalau siku 10 kabla ya kuingia. Usisubiri siku ya 11. Chanjo ikikosekana hospitali ya Maweni utahitaji muda wa kuifuata kwingine. Chanjo ya homa ya manjano nayo hukubalika baada ya siku 10, na tangu Julai 2016 cheti chake hudumu maisha yote, kwa hiyo kadi ya zamani yenye tarehe ya mwisho haihitaji kuchomwa upya. Itazame njia ya ndege yenu. Mkisubiri zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi yenye ugonjwa huo, kwa mfano Nairobi au Addis Ababa, mnaweza kudaiwa kadi kana kwamba mmetokea huko. Kadi iwe na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya chanjo, saini na muhuri. Kadi ya kununuliwa bila sindano ni hatari kwa mama, maana haimkingi na chochote, na ikigunduliwa mpakani atarudishwa.

Jambo la pili ni miguu. Kati ya Safa na Marwa ni kama mita 450, na huendwa mara saba, kwa hiyo mwendo huo, yaani sa’yi, peke yake unazidi kilomita 3. Tawafu, yaani kuizunguka Kaaba, huongeza, na ikifanyiwa ghorofa za juu mzunguko mmoja huwa mrefu zaidi kuliko chini. Mwanzishe mazoezi wiki nane kabla: dakika 15 kila asubuhi, kila wiki ongeza 5 hadi afike 45. Atembee na viatu vilevile atakavyosafiri navyo. Viatu vipya huchubua, na mgonjwa wa sukari huenda asihisi mchubuko mpaka umekuwa kidonda. Kila usiku hotelini mkague nyayo na katikati ya vidole. Avae soksi akiwa msikitini, na ndala zake ziwe kwenye mfuko wa kitambaa anaoubeba, kwa sababu zikiachwa mlangoni mara nyingi hazionekani tena, naye atalazimika kukanyaga sakafu ya nje yenye joto kwa miguu mitupu. Majira ya kiangazi Makka hupita nyuzi 40.

Akichoka asione haya kupanda kiti cha magurudumu, pale vipo kwa ajili ya hilo. Cha uwanja wa ndege kiombwe kwa shirika wakati wa kukata tiketi, au angalau saa 48 kabla. Ni bure, na pamoja nacho huja mtu wa kukisukuma.

Insulini isiwekwe kamwe kwenye begi la kupakia. Chini ya ndege inaweza kuganda, na insulini iliyoganda hutupwa hata kama imeyeyuka na inaonekana safi. Ibebwe mkononi pamoja na sindano, kipimo na vipimio vyake, ndani ya maboksi yenye lebo ya duka la dawa, na barua ya daktari kwa Kiingereza inayotaja ugonjwa, jina la asili la kila dawa na kiasi anachotumia. Chukua dawa za siku 21 kwa safari ya siku 14, ugawe mafungu mawili: moja kwenye mkoba wake, jingine kwenye wako. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji ya chumba, mbali na sehemu ya barafu. Inayotumika hukaa nje kama wiki nne mradi joto lisizidi nyuzi 30. Mkitoka juani, iweke kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana iliyosuuzwa kwa maji baridi, ikiwa imefungwa kwa kitambaa.

Habari njema ni kwamba saa ya Saudia ni sawa na yetu, kwa hiyo saa za dawa hazibadiliki. Kinachobadilika ni chakula. Basi la ziara likichelewa, chakula cha saa saba kinaliwa saa tisa. Muulize daktari wake kabla ya safari afanye nini siku ya namna hiyo, na mama azoee kutochoma sindano ya chakula kabla hajakiona chakula chenyewe. Sukari ikishuka chini ya 4 kwenye kipimo (cha mmol/L), apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Tende ziwe mfukoni kila wakati, lakini maji ya sukari hufanya kazi haraka kuliko tende.

Dawa za maumivu zenye tramadoli au kodeini ziacheni nyumbani, isipokuwa daktari ameziandika na mmethibitisha masharti yake. Saudia, Misri na Falme za Kiarabu wanazidhibiti vikali.

Kuhusu vazi, mama anatosheka na nguo zake za stara. Ila waambie wanaume wa kundi lenu kwamba shuka za ihramu ziwe kwenye begi la mkononi. Anayeruka moja kwa moja hadi Jeddah hupita mikati, yaani mpaka ambao mwenye kwenda umra huupita akiwa ameshavaa ihramu, akiwa angani, na kila msafara huwa na mtu aliyezipakia chini ya ndege. Kundi linaloanzia Madina halina haraka hiyo, kwa kuwa huhirimia Dhul Hulayfa baadaye. Na anayetaka kuingia Rawdha, ile sehemu ya Msikiti wa Mtume Madina, awe na kibali kinachochukuliwa kwenye programu ya simu ya Nusuk. Muombe kiongozi akusaidieni mapema, nafasi huisha.

SWALI: Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Ramadhan, kitambulisho cha NIDA kinasema Ramadhani, na wakala ameshanikatia tiketi kwa jina la utani linalojulikana kijijini. Pasipoti bado sijaomba. Nianzie wapi?
– Mkulima, Nguruka

JIBU: Simamisha tiketi kwanza, leo hii. Tiketi hufuata pasipoti, na pasipoti hufuata nyaraka nyingine, kwa hiyo wakala amejenga paa kabla ya msingi. Herufi moja mara nyingine hurekebishwa bila shida, lakini jina zima lisilofanana huwa linamaanisha tiketi mpya.

Chagua tahajia moja, na kwa kawaida ni nafuu kufuata ile ya NIDA, kisha nenda RITA, wanaosajili vizazi na vifo, au kwa wakili ujue kama cheti kirekebishwe au kiapo cha majina kinatosha. Ndipo ujaze ombi la pasipoti kwenye tovuti ya Uhamiaji. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, ambazo 20,000 hulipwa mwanzoni na zinazobaki baadaye, zote kwa namba ya malipo ya serikali. Hakuna sababu ya kumpa mtu fedha mkononi. Utaitwa kuchukuliwa alama za vidole. Sisi wa mikoa ya mpakani tunaulizwa zaidi kuhusu asili ya wazazi, kwa hiyo beba cheti cha mzazi au kiapo cha kuzaliwa kwake, na ujue kijiji alikozaliwa babu kila upande. Kusitasita katika swali hilo huchelewesha faili kuliko karatasi iliyokosekana.

Ikitoka, soma kila herufi kabla hujaondoka dirishani.

SWALI: Kwaya yetu imealikwa kwenye ziara ya siku 9 Italia, pamoja na Roma. Kiongozi anasema viza ya kundi ni rahisi. Baadhi yetu ni walimu, wengine wanalima kahawa na hawana akaunti ya benki. Tutegemee nini?
– Mwalimu, Kasulu

JIBU: Mwalimu, kundi hupeleka maombi pamoja, lakini kila mmoja huhukumiwa kwa karatasi zake. Viza yenu ni ya Schengen, yaani moja kwa nchi nyingi za Ulaya, na huombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, na uamuzi ambao kwa kawaida huchukua siku 15 unaweza kufika 45. Nyinyi wa Kasulu pelekeni miezi mitatu kabla. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 na hairudi ukikataliwa. Asiyewahi kutoa alama za vidole lazima aende Dar es Salaam mwenyewe, kwa hiyo nauli hiyo iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na kurasa mbili tupu. Picha ni milimita 35 kwa 45. Bima ya safari ifikie angalau yuro 30,000 na itaje siku zote za safari. Ongezeni siku chache mbele, maana ndege ikiahirishwa bima iliyokwisha jana haina kazi.

Mara nyingi ombi huangukia kwenye fedha na sababu za kurudi nyumbani. Kwa walimu, andaeni barua ya likizo na ruhusa ya mwajiri ya kusafiri nje, na mtumishi wa umma aianze mapema kabisa. Msiingize fedha benki kwa mkupuo wiki moja kabla, ofisa huiona na huhisi za kuazima. Kwa wakulima, fungueni akaunti sasa na mapato ya kahawa yapite humo. Ongezeni risiti za chama cha ushirika, hati au barua ya shamba kutoka kwa mtendaji wa kijiji, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto, vyote vikitafsiriwa. Tumeona wakulima wakidharau karatasi hizi kwa kuona aibu. Hizo ndizo zinazoonyesha kwamba mtu ana kwake.

Mkifika, muwe watu wa saa. Kiongozi anayefoka kwa dakika kumi hana roho mbaya: sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka dereva wa basi apumzike dakika 45 kila baada ya kuendesha saa 4 na nusu, na kwa kawaida asizidi saa 9 kwa siku. Mkichelewa asubuhi, muda huo hukatwa kwenye ziara ya jioni. Kanisa la Mtakatifu Petro haliruhusu mabega wala magoti wazi, basi kitenge kimoja kwenye mkoba kinaokoa foleni nzima. Weka pia akiba ya kodi ya hoteli ya usiku, ambayo miji mingi ya Italia hutoza na vifurushi vingi haviihesabu. Mwisho, plagi zetu za miguu mitatu haziingii kule. Nunueni adapta ya miguu miwili ya duara. Umeme wenyewe ni ule ule wa volti 230.

SWALI: Natoka Tabora, siwezi kwenda kwa wenyeji mikono mitupu. Nataka kupeleka asali ya nyumbani, na rafiki wa Kigoma ataniletea dagaa. Naenda Ujerumani na kundi la wakulima.
– Mfugaji nyuki, Isevya

JIBU: Zawadi njema, na zote mbili zinaruhusiwa kwa kiasi. Nchi za Umoja wa Ulaya zinamruhusu msafiri kuingia na asali hadi kilo 2 ya matumizi binafsi, na samaki hadi kilo 20. Nyama na maziwa kutoka nje ya Ulaya ni marufuku, hata nyama kavu kidogo ya njiani. Angalia asali ni nzito: lita moja ina uzito wa kama kilo 1.4, kwa hiyo chupa ya lita moja na nusu imeshapita kikomo.

Asali iende kwenye begi la kupakia. Mkononi kimiminika chochote kilichozidi mililita 100 kitabaki kwenye meza ya ukaguzi. Tumia chupa ya plastiki ngumu badala ya glasi, acha nafasi ya vidole viwili juu, zungushia mfuniko utepe, kisha mfuko wa kuzuia kuvuja, kisha kanga. Chagua asali iliyokomaa. Iliyovunwa mbichi, yenye maji mengi, huchacha, hutoa hewa na kuusukuma mfuniko, na huo ndio mwanzo wa shati linalonata. Dagaa wawe wamekauka kabisa, wafungwe kwenye karatasi ya foili, halafu kopo lenye mfuniko wa kubana. Ukiulizwa forodhani, sema ulichobeba. Safari nyingine ukielekea New Zealand usibebe asali hata kijiko, wanailinda nchi yao na magonjwa ya nyuki.

Betri ya akiba ya simu hufanya kinyume cha asali: ni marufuku chini, hubebwa mkononi. Ya 20,000 mAh ina saa-wati (Wh) kama 74, na kikomo cha kawaida ni 100.

SWALI: Jirani, mtu mzima ninayemheshimu, ananiomba nimpelekee mwanawe aliyeko Jeddah kifurushi kilichoshonwa. Nitamkatalia kwa uso gani?
– Mama wa Kibirizi

JIBU: Kwa uso wa adabu, mama, ila usipokee kilichoshonwa. Dawatini utaulizwa kama begi umelipanga mwenyewe, na kitakachokutwa ndani ni chako kisheria. Kwa dawa za kulevya Saudia hukumu inaweza kufika kifo.

Mwambie jirani kwamba kiongozi wa msafara amekataza mizigo isiyofunguliwa. Akisisitiza, mkaribishe nyumbani kwako, akifungue mbele yako na mtu wa tatu. Toa kila kitu: kunjua nguo, papasa pindo na mabega, vunja vipande vya sabuni, mimina unga kwenye sinia, toa soli za viatu zinazotoka. Dawa za mtu mwingine zirudishe hapo hapo, hata zikiwa vidonge vya kichwa. Kilichobaki kipange wewe, ndani ya nguo zako. Na akiona utaratibu huo ni mzito, muoneshe njia ya Posta, ambako mtumaji huandika jina lake mwenyewe na kutaja kilichomo.